Sanduku la Maswali: Mama M&S, Binti Zara

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka Uingereza, na karibu zote zinahusu maduka ya nguo za kike yaliyopangana kwenye barabara kuu ya kila mji kule: nani aingie lipi, na kwa nini watu wa nyumba moja hawakubaliani. Tumejibu tukiwa na futi ya fundi mkononi. Barua moja imetoka Nairobi, nayo inahusu maduka hayohayo, ila nguo zake zimeshavaliwa.

Shikamooni. Nina binti wa miaka 19. Tukienda mjini pamoja tunarudi tumenuniana. Mimi naingia Marks & Spencer (M&S), yeye anasema ni duka la bibi. Yeye ananivuta Zara, nami naona nguo hazina bitana, pindo ni la uzi mmoja, na bei si haba. Nani ana haki? — Mama wa Leicester

Marahaba, mama. Wewe unaigeuza nguo ndani nje, binti anaitazama ikiwa imevaliwa. Ndiyo maana hamwezi kukubaliana mkiwa mbele ya nguo ileile.

Kila duka lina kiolezo chake, yaani lile umbo la msingi ambalo nguo zote hukatwa kutokana nalo, na kiolezo hicho hufuata mteja ambaye duka limemkusudia. Marks & Spencer ilianza mwaka 1884 kama meza sokoni Leeds, na leo mteja wake ni wa umri wowote, hivyo hukata kwa nafasi: kiuno hakikubani, kwapa liko huru, shingo haishuki sana. Suruali zake nyingi huja kwa urefu wa aina tatu, fupi, wastani na ndefu, na tofauti ya hatua moja kwa kawaida ni kama sentimita 5. Mitindo ya msingi hubaki dukani miaka, kwa hiyo suruali nyeusi iliyokukaa vizuri unaweza kuifuata tena. Nguo za ndani, sweta, suruali za kazini na makoti: hapo una haki, na binti akubali.

Zara imetoka A Coruña, Hispania, mwaka 1975, na kazi yake ni nyingine. Mzigo mpya huingia madukani mara mbili kwa wiki, na mtindo ukiisha mara nyingi haurudi. Duka la namna hiyo haliwezi kubeba kila suruali kwa urefu wa aina tatu. Hubeba mmoja, tena mrefu. Mwanamke wa sentimita 160 atakata sentimita 6 au 8, na kama suruali imepanuka chini, kuikata kunaharibu umbo, kwa sababu goti lake limekaa chini kuliko goti lako na ule upana unaotakiwa kuonekana umebaki sakafuni kwa fundi. Lakini bleza zake zina bega lililosimama na kiuno kilichochongwa, jambo ambalo kiolezo chenye nafasi hakiwezi kulifanya. Hapo binti ana haki.

Mkiwa dukani, kagueni mambo haya kabla ya kugombana. Finyangeni kitambaa kwenye ngumi kwa sekunde kumi: kikibaki na makunyanzi, ndivyo kitakavyokuwa baada ya safari ya basi. Tazameni pindo la sketi, maana likiwa na sentimita 3 au zaidi mnaweza kulishusha baadaye, na likiwa na sentimita 1 mmefungwa. Tazameni akiba ya kitambaa kwenye mshono wa ubavuni. Kwenye nguo ya mistari au miraba, angalieni kama mistari inakutana ubavuni na kwenye mfuko. Kukutanisha mistari hula kitambaa, na ndiyo gharama ya kwanza kupunguzwa na duka linalobana matumizi. Ukaguzi huu ufanyike kote kuwili, kwani hata M&S kuna blauzi zisizo na la maana ndani.

Na hilo la “duka la bibi” binti alipime upya. Ndani ya M&S kuna laini, yaani mikusanyo ya nguo yenye majina yake, ambazo hazifanani: Autograph imenyooka na haina mapambo mengi, Per Una ina maua na pindo za kuchezacheza. Per Una ilianzishwa mwaka 2001 na George Davies, yuleyule aliyeasisi maduka ya Next mwaka 1982 na nguo za George kwenye supamaketi ya Asda mwaka 1990. Mtu mmoja, ladha tatu, kwa sababu wateja walikuwa watatu.

Mkitaka kuingia mlango mmoja, jaribuni Mango au Massimo Dutti. Hii ya pili ni ya Inditex, kampuni ya Zara, ila imekusudiwa mtu aliyekwisha kuanza kazi. COS nayo, ya kundi la H&M, ni nzuri kama binti anapenda umbo na wewe unapenda kitambaa. Tahadhari: COS hukata pana makusudi, na mwenye kifua kikubwa anaweza kutoka akionekana amefunikwa shuka.

Mimi ni 12 Next, 14 Zara, 10 M&S. Nimenenepa au maduka yamerukwa na akili? — Msomaji, Reading

Hujanenepa, dada. Hakuna sheria Uingereza inayolazimisha 12 ya duka moja ilingane na 12 ya jirani. Kuna viwango vya vipimo vya Ulaya, lakini kuvifuata ni hiari. Mwaka 2018 H&M ilibadilisha saizi zake za wanawake Uingereza baada ya malalamiko, na kilichokuwa 12 kikaitwa 10. Nguo ileile, tarakimu nyingine.

Shida ya pili ni tarakimu za nchi nyingi kwenye lebo moja. 12 ya Uingereza kwa kawaida ni 40 ya Ufaransa na Hispania, 38 ya Ujerumani, 44 ya Italia na 8 ya Marekani. Kwa hiyo 38 ya Zara ni 10 ya Uingereza, lakini 38 ya kampuni ya Kijerumani ni 12. Wengi wanaagiza koti mtandaoni kwa kuangalia “38” tu, kisha wanashangaa.

Achana na tarakimu, chukua futi. Pima kifua pale kilipojaa, kiuno pale unapopinda ukiinama upande, na nyonga pale makalio yalipotokeza zaidi, kwa wengi ni kama sentimita 20 chini ya kiuno. Kwenye maduka mengi ya Uingereza saizi 12 inazunguka sentimita 90 kifuani, 73 kiunoni na 98 nyonga, pungufu au zaidi kidogo. Kwenye saizi za kati, hatua moja ni sentimita 4 hadi 5, kwa hiyo kosa dogo la kupima linakurusha saizi nzima.

Bora zaidi ni kupima nguo yako unayoipenda. Ilaze juu ya meza, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili. Blauzi ya kitambaa kisichonyumbulika inatakiwa kuzidi kifua chako kwa sentimita 6 hadi 10. Fulana ya jezi, yaani kitambaa cha kufumwa kinachonyumbulika, inaweza kulingana na kifua au hata kupungua. Koti la baridi lizidi kwa 12 au zaidi, la sivyo sweta haliingii ndani yake.

Ukisimama kati ya saizi mbili, koti na bleza nunua kwa mabega, suruali kwa nyonga, blauzi kwa kifua. Sehemu nyingine fundi atazipunguza. Bega hatalipunguza kwa bei unayoipenda, kwa kuwa lazima atoe mkono mzima na bitana yake.

Kila suruali inayonipita mapajani inaacha mwanya mgongoni, naweza kuingiza ngumi. Nimeambiwa ninunue zilizoandikwa “Curve”. Nimenunua, mwanya umezidi. — Msomaji, Coventry

Uliyeambiwa naye hakusoma lebo vizuri. Kwenye maduka mengi ya Uingereza, “Curve” ni saizi kubwa, kuanzia 16 au 18 kwenda juu, kwa uwiano uleule wa kiuno na nyonga. Ni nguo pana zaidi, haijachongwa zaidi. Abercrombie & Fitch, yenye maduka London, hutumia jina Curve Love kwa maana nyingine: nafasi ya ziada ya inchi 2 kwenye nyonga na mapaja huku kiuno kikibaki palepale. Hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Sababu ya mwanya ni hesabu. Rudi kwenye saizi 12 hapo juu, nyonga 98 na kiuno 73: tofauti ni sentimita 25. Umbo la wanawake wengi wa kwetu lina tofauti ya 30 au 35. Ukinunua kwa nyonga, kama inavyotakiwa, kuna sentimita 5 hadi 10 za kiuno zisizo na mwenyewe, na zote hukusanyika nyuma, kwa kuwa mbele tumbo linazishika.

Suruali ya kitambaa yenye mshono wa katikati nyuma ndiyo rahisi kurekebisha. Fundi hufumua ukanda wa kiuno nyuma, hupunguza hadi sentimita 4 au 5 katikati, na kuteremsha mshono taratibu hadi kwenye makalio. Akizidisha hapo, mifuko ya nyuma itasogeleana na suruali itavuta. Zaidi ya sentimita 5, mwambie agawanye: nusu katikati nyuma, nusu kwenye dati mbili (mikunjo inayoshonwa ili kuchonga umbo) au mishono ya ubavuni. Jinzi ni kazi zaidi. Lazima atoe kipande cha kupitishia mkanda, akate ukanda wa kiuno na kuushona upya kwa uzi mnene wa rangi ileile. Mwulize kabla kama ana uzi huo, usije ukapata jinzi yenye mishono ya dhahabu na kovu la manjano.

Dukani, pendelea kiuno cha juu chenye ukanda uliopinda badala ya ulionyooka, na jinzi yenye elasteini, ule uzi unaonyumbulika, asilimia 1 hadi 2. Ikizidi sana inabana vizuri kwenye chumba cha kujaribia, lakini jioni magoti yametokeza na kiuno kimeteremka. Ukikaa kwenye kile kiti cha chumba cha kujaribia, kaa kweli, uinamie viatu. Ukisimama tu mbele ya kioo hutauona mwanya.

Assalamu alaikum. Navaa hijabu. Napenda nguo za maduka ya kawaida, sitaki abaya kila siku, ila gauni refu lina mpasuo hadi gotini, lisilo na mpasuo linaonyesha ndani, na majira ya joto mikono mirefu haipo. — Msomaji, Barking

Waalaikum salaam. Nunua kinyume cha majira. Mikono mirefu hujaa madukani kuanzia Septemba, na hushuka bei kwenye seli ya baada ya Krismasi. Viskosi (kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na miti) nyembamba ya mikono mirefu ya Januari ndiyo nguo yako ya Julai.

Kama una sentimita 158 au chini yake, usianze na magauni marefu kabisa. Anza na midi za kawaida, yaani magauni ya urefu wa kati. Midi ya sentimita 115 hadi 120 kutoka bega hukatiza katikati ya muundi kwa mwanamke wa 168, lakini kwako hukaribia kifundo cha mguu, na midi nyingi hazina mpasuo kwa sababu hatua hazibanwi. Kwa hesabu hiyohiyo uepuke sehemu ya watu wafupi. Nguo za huko zimepunguzwa urefu, mikono na hata mahali pa kiuno.

Mpasuo ukiwa kwenye mshono wa ubavuni, unashonwa kwa dakika chache. Ila acha sentimita 20 chini kama sketi ni nyembamba, au utapanda ngazi kwa kurukaruka. Ukiwa mbele, ambapo mara nyingi kitambaa kimepishana, funga kwa vifungo vidogo vya kubana kila sentimita 8. Uwazi wa kitambaa pima kwa kuingiza mkono ndani na kuelekea dirishani, wala usiamini taa za duka. Ukiona mstari wa kila kidole, utahitaji gagulo. Vitambaa vyeupe na vya rangi ya krimu vinahitaji gagulo la rangi ya ngozi yako. Jeupe ndilo linaloonekana zaidi.

Kwa maduka: Monsoon kwa magauni ya sherehe yenye bitana, Uniqlo kwa fulana za mikono mirefu za kuvaa chini. Uniqlo ndiyo iliyoanza mwaka 2015 kutoa nguo za stara kwa ushirikiano na mbunifu Hana Tajima. Sehemu ya wanaume Uniqlo nayo usiidharau, shati la kitani la wanaume hufunika nyonga bila kutafuta.

Nauza mitumba Gikomba. Belo za Uingereza zina lebo nyingi nisizozijua, na wateja wananiuliza “hii ni grade gani?” Zipi nizipandishe bei? — Mfanyabiashara, Nairobi

Anza na zile zinazodanganya. Atmosphere na Denim Co ni Primark, duka la bei ya chini kabisa. F&F ni ya supamaketi ya Tesco, TU ni ya Sainsbury's, George ni ya Asda, Nutmeg ni ya Morrisons, Papaya ni ya Matalan. Hazina ubaya. Nyingi zina pamba nzuri, hasa za watoto, lakini zilinunuliwa kwa bei ndogo na mteja anayejua hatakulipa kama ni kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza.

Lebo ya St Michael ni ya Marks & Spencer, na iliachwa mwaka 2000. Ukiiona, nguo ina zaidi ya miaka 20 na bado iko mzima. Sketi za sufu na makoti yenye lebo hiyo yaweke pembeni, wapo vijana wa nguo za zamani wanaozitafuta. Saizi zake lakini ni ndogo kuliko za leo: 14 ya zamani ipime kwa futi kabla hujamwambia mteja.

Za kupandisha bei ni Hobbs, Whistles, Phase Eight, Reiss, COS, Massimo Dutti, na Jaeger ukibahatika. Hobbs kwa makoti ya sufu na magauni ya ofisini. Phase Eight kwa magauni ya harusi na ruracio (sherehe ya mahari). Jambo ambalo wauzaji wachache wanalijua: Hobbs, Whistles na Phase Eight zinamilikiwa na TFG, kampuni ya Afrika Kusini, iliyozinunua kati ya 2015 na 2017.

Lebo pekee haitoshi. Geuza koti na usome kitambaa: sufu asilimia 70 au zaidi ni bei nyingine kabisa na akriliki tupu, hata kama zote zimetoka duka moja. Angalia kwapa kwenye mwanga, na kwenye sweta za sufu angalia vijitundu vya nondo kwenye kola na viwiko. Kijitundu kimoja cha nondo mara nyingi kina wenzake. Lebo ikiwa imekatwa au imepigwa mstari wa wino, usiogope. Baadhi ya maduka hufanya hivyo nguo zinapouzwa kwa punguzo ili zisirudishwe kwa bei kamili.

Gauni langu la viskosi limefuliwa mara moja tu, sasa liko juu ya goti. Duka limenidhulumu? — Msomaji, Milton Keynes

Inategemea ulilifuaje. Viskosi hunyonya maji, nyuzi huvimba, na mvuto uliotiwa kiwandani unaachia. Ikipungua asilimia 5, gauni la sentimita 110 limepoteza 5.5, na mashine ya kukaushia inaongeza juu yake. Fua kwa nyuzijoto 30, mzunguko wa chini, lianike likiwa limelazwa. Hilo ulilonalo lilowe tena, livute taratibu kuelekea pindo, lipige pasi likiwa bado na unyevu. Utarudishiwa sentimita mbili tatu, si zote. Kama ulifuata lebo na bado limepungua hivyo, lirudishe kama nguo yenye kasoro.

Topshop na Dorothy Perkins zimekwenda wapi? — Msomaji, Northampton

Kampuni mama, Arcadia, ilianguka Novemba 2020 na maduka yakafungwa. Mwanzoni mwa 2021 ASOS, duka la mtandaoni, ilinunua jina la Topshop, na Boohoo, nalo la mtandaoni, ikachukua Dorothy Perkins na Wallis. Mwaka 2024 ASOS iliuza asilimia 75 ya Topshop kwa Heartland ya Denmark. Usitegemee jinzi ya jina lile kuwa na kiolezo kilekile. Pima upya kana kwamba ni duka geni.

Mimi ni mfupi, sentimita 150, na mwembamba. Ni aibu kununua sehemu ya watoto? — Msomaji, Leeds

Aibu iko wapi? Uingereza nguo za watu wazima hutozwa kodi ya VAT asilimia 20, na za watoto wa chini ya miaka 14 hazitozwi. Sweta, makoti ya mvua na fulana za saizi ya miaka 12 hadi 13 zitakufaa. Suruali na magauni hapana: ya watoto hayana nafasi ya kifua wala nyonga, na bleza ya mtoto haina dati.

Nimenunua gauni dukani, nimefika nyumbani silitaki. Wanalazimika kunirudishia pesa? — Msomaji, London

Kisheria, kwa nguo isiyo na kasoro iliyonunuliwa dukani, hapana. Wanachokupa ni sera yao tu, na siku zake zimeandikwa kwenye risiti. Ukinunua mtandaoni sheria inakupa siku 14 tangu kuipokea kuwaarifu kwamba umeghairi, kisha siku 14 nyingine za kuirudisha. Nguo yenye kasoro, popote ulipoinunua, una siku 30 za kuikataa na kudai pesa zote. Kwa hiyo kama hujawa na uhakika, agiza mtandaoni saizi mbili, jaribu nyumbani ukiwa na viatu na sidiria utakavyovaa siku yenyewe, bila manukato wala vipodozi shingoni, na lebo usiikate mpaka umeamua.